Fundi Mwavuli Kaingia Bungeni

Juzi upepo wa Sydney umenigeuzia mwavuli, mbavu mbili zikakatika. Mwenzangu kazini akasema tupa, nunua mwingine. Nimeshindwa. Marehemu baba alikuwa fundi wa miavuli na mabegi pale Kariakoo. Aliulaza mwavuli mapajani, akaupitisha waya mwembamba kwenye tundu la ubavu, akaubana kwa koleo, halafu akaufungua na kuufunga mara tatu kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

Ndiyo maana habari ya Billy Hughes imenikaa kichwani. Mzaliwa wa London, akashuka Brisbane, Australia, mwaka 1884, akapiga vibarua vya kila aina, baadaye yeye na mkewe wakafungua kiduka Balmain, hapa hapa Sydney. Humo dukani alitengeneza miavuli. Mwaka 1894 akachaguliwa kuingia Bunge la New South Wales, koloni wakati ule, leo jimbo. Wabunge walikuwa wameanza kulipwa pauni 300 kwa mwaka tangu 1889, kwa hiyo hata fundi aliweza kuweka koleo chini na watoto wakala. Mwaka 1915 akawa Waziri Mkuu wa Australia nzima.

Najua mtasema, "Huyu keshajiona Mzungu." Na wengine mtanikumbusha kwamba Hughes huyo huyo alitetea Australia ya weupe, yaani sera ya kuwazuia wasio Wazungu kuhamia huku, na mwaka 1919 kwenye mkutano wa amani kule Paris aliwapinga Wajapani walipotaka usawa wa rangi uandikwe kwenye mkataba wa Shirikisho la Mataifa. Najua, na inaniuma. Angekuwa na amri leo, nisingeshuka hapa. Simsifii roho yake. Nazungumzia njia aliyopita.

Kwetu Tanzania, kwa upande wa elimu Katiba inataka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika, Kiswahili au Kiingereza, basi. Baba alijua. Lakini kura za maoni za ndani ya chama angezivukaje, mfukoni hana kitu? Na bila chama ugombee wapi?

Wala tusifike mbali huko Dodoma. Kwenye mkutano wa mtaa baba alisimama kuzungumzia mtaro uliokuwa ukitutapikia maji machafu mpaka chumbani. Mtaro ule aliujua kuliko wote waliokuwa pale, maana aliuzibua mwenyewe, kwa mikono yake, kila masika. Hajamaliza sentensi ya pili akaambiwa, "Fundi, hebu kaa, waache wasomi waongee."

Akakaa. Mimi nilikuwa pembeni yake, nimeshika mwavuli wa mteja.