Mbwa Ana Kiti, Mimi Nina Geti

Banange, nisikilizeni kidogo, maana hapa getini sina wa kuongea naye ila kile kioo cha kupekulia magari, na chenyewe hakijibu.

Kazi yangu naijua. Nilitoka jeshini na Kiswahili changu cha kambini, nikaingia kampuni ya ulinzi, nikapangiwa mgahawa mmoja huku Kololo, wa wale watu wanaoagiza kikombe kimoja na kukaa nacho hadi chaji ya kompyuta iishe. Tangu yale mabomu ya Julai 2010, mlango wa maana Kampala lazima uwe na askari. Basi mimi nasukuma kioo chini ya gari, napitisha kifimbo kinacholia, nafungua mikoba, nasema "karibu ssebo, karibu nnyabo", yaani karibu bwana, karibu mama. Hayo yote nilifundishwa. Kupekua mbwa sikufundishwa.

Sasa meneja kaamua. Kijana wa watu, kasomea mambo ya hoteli, siku hizi kila anachokiona kwenye simu anataka tukifanye kesho yake. Kabandika karatasi mlangoni yenye picha ya unyayo: mbwa wanakaribishwa barazani. Hakuniuliza, na hakumuuliza mtu yeyote anayelipwa kusimama mahali ambapo mbwa hupitia.

Wa kwanza kuja alikuwa wa mama mmoja wa Kizungu, mpole sana, anasalimia hadi mti. Mkononi kamba, mwisho wa kamba jibwa la manyoya ya rangi ya asali, limechanwa kuliko mimi. Nikapitisha kifimbo kwa mama: kimya. Nikapitisha kwa mbwa: piiiii! Watu wakageuka. Nikamwambia, "Nnyabo, huyu ana chuma." Akacheka, akanionyesha kisahani shingoni chenye jina na namba ya simu. Lakini taratibu inasema anayelia avue, apite tena. Nikasimama hapo nikiwaza nani avue nini. Mbwa akanitazama, akakilamba kifimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kifimbo cha kampuni, ambacho nimekitilia saini! Nyuma magari yakaanza honi. Nikawapitisha, na kwenye daftari la wageni nikaandika: "Mbwa 1. Hana mkoba."

Mnadhani iliishia hapo? Jikoni tuna Hajati, Mnubi wa Bombo, mwanamke anayeweza kukukaanga kwa macho. Kachungulia dirishani kaona weita anamnywesha mbwa maji kwenye bakuli la supu. Katoka na mwiko. Ninyi mnaojua madhehebu yetu ya Kiislamu ya Shafi mnajua: chombo kilicholambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Akamwambia meneja, "Mwanangu, na mbwa wako sina ugomvi. Ila bakuli lile ama ni lake hadi kiyama, ama uniletee udongo." Meneja akauliza udongo wa aina gani. Hajati akasema safi. Meneja akauliza udongo safi unauzwa wapi. Hajati akamtazama, akarudi jikoni. Jioni hiyo likanunuliwa bakuli la plastiki, la buluu, limeandikwa kwa kalamu nzito MBWA, na mpaka leo weita wote wanalishika kwa vidole viwili.

Yule mama nimekuja kumzoea. Anasema kwao Uingereza sheria haimkatazi mbwa kuingia mgahawani. Inachotaka ni asifike panapotengenezwa chakula, mengine anaamua mwenye duka. Ufaransa ndiyo usiseme, analala chini ya meza wewe unakula. Sawa. Sibishi. Lakini nilimuuliza: na huko kwenu wa mitaani wako wangapi? Akafikiri sana. Akasema kwao mbwa anatiwa chipu chini ya ngozi yenye namba ya mwenyewe, ni sheria, England tangu 2016. Mimi kitambulisho changu cha taifa nilikifuatilia hadi viatu vikaisha soli, mwenzangu kawekewa chake ndani ya ngozi, hata mvua hailowanishi.

Kwetu mbwa hatukumlea akae kwenye mto. Ni mlinzi kama mimi: mchana kafungiwa, usiku kafunguliwa, chakula posho na mukene, yaani ugali na dagaa, na ikizidi sana mfupa wa Krismasi. Getini kibao, Embwa Nkambwe, mbwa mkali. Mtoto wa Kampala anakua akijua kwamba mbwa ni kile kitu kinachomfukuza akipeleka barua ya harusi kwa jirani. Halafu mtu huyohuyo umvalishe aproni, umwambie akampelekee mbwa maji huku anatabasamu. Weita wetu mmoja, kijana wa Mbale, anatabasamu kweli, ila kwa mbali, na maji anayasukuma kwa ufagio.

Na wenye mbwa, jamani! Kaja bwana mmoja kutoka Ntinda na dude jeusi lenye kichwa cha ndama, halina kamba. Nikasema, "Ssebo, kamba." Akasema, "Huyu haumi." Wenye mbwa wote husema haumi. Tangu nishike geti hili hakuna aliyewahi kuniambia, "Habari ya asubuhi afande, huyu anauma." Kumbe waliong'atwa wote duniani waling'atwa na mbwa wasiouma! Dude likaingia barazani, likanusa meza ya watu wa mkutano, mkutano ukahamia juu ya viti. Mwenyewe yuko kwenye simu ya sikioni, hamwiti mbwa, anaongea biashara.

Sasa ngojeni niwaambie habari ya Afande. Nyuma ya mgahawa, upande wa pipa la taka, kuna mbwa koko, sikio moja limeliwa, hana mwenyewe. Vijana wa steji ya boda wamempa jina Afande kwa sababu mchana analala na usiku anapiga kelele. Jina hilo mimi silipendi, na wao wanajua kwa nini silipendi, ndiyo maana wanaliita kwa sauti. Afande alivyoona wenzake wanapita getini siku baada ya siku, akaja. Akapanga foleni. Wallahi, alipanga foleni, nyuma ya mtu wa benki. Nikamwambia toka. Akakaa. Nikaitazama karatasi ya meneja: mbwa wanakaribishwa. Haikusema mbwa wa nani. Nikapitisha kifimbo: kimya. Kwa taratibu zote za usalama nilizosomea, Afande alikuwa mgeni safi kuliko wote asubuhi hiyo.

Meneja akatoka mbio. "Huyo hapana!"

"Kwa nini, bosi?"

"Huyo hana chanjo!"

"Na wale walioingia, vyeti umeviona?"

Akanyamaza. Na hapo ndipo mimi na yeye tulipokutana, kwa sababu kichaa cha mbwa sicho kitu cha kuchekea. Nimekiona kijijini. Dalili zikishaanza, mtu karibu hana kupona, na wanaoupata ugonjwa huo duniani, 99 katika 100 wamepewa na mbwa. Ukiumwa, unaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mbio kutafuta sindano, na sindano zenyewe unaweza kuzunguka vituo hadi jua lizame. Kumbe wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa pa kupita. Rahisi! Lakini mwambie mtu wa hapa akuonyeshe cheti cha chanjo cha mbwa wake, atakuonyesha mbwa.

Basi nikaanza kudai vyeti. Bwana wa Ntinda aliniuliza kama namjua yeye ni nani. Nikamwambia wewe nakujua, nauliza huyu. Kaondoka amekasirika, na mkutano ukateremka kwenye viti. Yule mama akatoa kijitabu kizima: mihuri, saini, tarehe, na karatasi ya ndege. Mbwa yule kapanda ndege, ndugu zangu. Mimi ndege naiona ikiwa inashuka Entebbe.

Kinachonichosha ni kelele za wale wasiotaka mbwa kabisa kwa ajili ya usafi. Nyanyueni macho. Juu ya ule mti wa barazani wamekaa kalooli, madege yale ya kipara yanayoshinda jalalani yakila msichoweza kutaja, na yakishiba yanakuja kupumzika juu ya kapuchino zenu. Kinachodondoka nakiona mimi ninayefuta magari. Kuna mtu kawadai kalooli cheti? Na paka wa jikoni, anayelala kwenye gunia la unga, nani alimpekua? Nendeni bustani ya Entebbe mkafungue chapati mbele ya tumbili, mje tuongee usafi.

Wengine wanasema mbwa wasikanyage popote penye watu. Hao nawaambia waende Gulu. Miaka ile tuko kaskazini na vita vya Kony niliona watu wanaoamka usiku wakipiga kelele, na wengine ni sisi wenyewe. Huko kuna Comfort Dog Project, kaianzisha Francis Okello Oloya, aliyepofuka utotoni kwa bomu lililofukiwa shambani. Bwenini shuleni, mbwa wa pale ndio waliokuwa wakimsindikiza usiku kwenda chooni. Sasa wanaokota mbwa wa mitaani, wakina Afande hasa, wanawachanja, wanawahasi, wanawafundisha pamoja na mtu aliyeumizwa na vita, kisha wanaishi wote. Mbwa wa namna hiyo akifika getini kwangu, au wa kumwongoza kipofu, kifimbo naweka chini na saluti napiga. Meza nampa ya kivulini.

Tatizo lililobaki ni Ssalongo wa steji. Maagizo yangu yanasema bodaboda wateremshe abiria nje na wasikae barazani. Ssalongo kateremsha watu hapa tangu mgahawa ukiwa na rangi nyingine. Baba yake analima kahawa Masaka, nchi iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 msimu wa 2023/24, na yeye hajawahi kuketi akaletewa kikombe. Juzi kaisoma ile karatasi ya unyayo polepole, kidole kikifuata maneno.

"Mzee, mwenye mbwa anaingia?"

"Anaingia."

"Hata kama kavaa helmeti?"

Nikapekua maagizo yote kichwani. Hakuna linalokataza.

Wiki hii kampakia Afande kwenye boda hadi kwa daktari wa mifugo. Kachanjwa, kaoshwa, ana cheti chenye muhuri, na kamba iliyokuwa ya kufungia mizigo. Jumamosi wanakuja. Meneja hajui. Hajati anajua, kaniuliza tu kama bakuli la buluu litatosha wawili. Mimi nimemwonya Ssalongo kitu kimoja: kapuchino ni shilingi 12,000, ila mbwa maji yake ni bure.

Kasema basi, yeye atakunywa anachokunywa mbwa.