Kabla hujanunua ADC mpya, tafuta muda unapotelea wapi

Saketi inayosoma kihisi ikianza kujibu kwa kusuasua, lawama zote huangukia ADC, kigeuzi kinachobadilisha volti ya kihisi kuwa namba. Watu wanaagiza chipu yenye kasi kubwa zaidi, wanaifunga, na mota bado inachelewa kusimama. Msimamo wangu ni huu: katika saketi nyingi zinazojengwa kwa Arduino Uno na moduli za bei nafuu, ADC ni sehemu ndogo ya tatizo. Muda unaliwa kabla yake, kwenye kichujio, na baada yake, kwenye wastani na kwenye waya wa mawasiliano.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku: idadi ya sampuli kwa sekunde, na muda unaopita tangu kihisi kibadilike hadi namba ifike kwenye programu. ADC ya aina ya paipulaini, inayofanya kazi kwa hatua zinazofuatana, inaweza kutoa mamilioni ya sampuli kwa sekunde, ilhali kila sampuli inatoka mapigo kadhaa ya saa baada ya kuchukuliwa. Chupa kwenye mkanda wa kiwanda cha soda hutoka bila kukatika, lakini kila chupa imekaa humo ndani kwa muda wake.

Tuchukue ATmega328P, chipu ya Uno. Saa ya megahezi 16 inagawanywa kwa 128, ADC inapata kilohezi 125. Usomaji mmoja ni mapigo 13, yaani mikrosekunde 104. Ule wa kwanza baada ya kuiwasha ADC ni mapigo 25. Ukiandika

ADCSRA = (ADCSRA & 0xF8) | 0x05;

kigawanyo kinakuwa 32 na muda unashuka hadi mikrosekunde 26. Ukiweka 0x04 kinakuwa 16, na unapata 13. Mtengenezaji anaeleza kwamba biti zote 10 zinahitaji saa ya kati ya kilohezi 50 na 200, kwa hiyo ukivuka hapo unalipa kwa usahihi. Kwa mkondo wa mota naona malipo hayo ni halali. Kwa volti ya betri, iache ilivyo.

Sasa linganisha mikrosekunde hizo 104 na kichujio cha rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 100, kile kinachonakiliwa kutoka mchoro mmoja hadi mwingine bila mtu kuuliza. RC yake, yaani ukinzani mara kapasita, ni milisekunde 1. Ishara ikiruka ghafla, baada ya RC moja umefika asilimia 63 tu ya safari. Ili kosa liwe chini ya nusu ya hatua moja ya biti 10 (volti yote imegawanywa katika hatua 1,024) unasubiri RC 7.6; kwa biti 12 ni RC 9, na kwa biti 16 ni karibu 11.8. Kichujio hicho peke yake kinakula milisekunde 7.6, zaidi ya mara 70 ya muda wa ADC. Hata ungefunga ADC ya mikrosekunde moja, hungeona tofauti.

Lakini usikimbilie kung'oa kapasita. Ndani ya ATmega kuna kapasita ndogo ya kushika sampuli, pikofaradi 14 hivi, ambayo lazima ijae ndani ya pigo moja na nusu la saa ya ADC: mikrosekunde 12 kwa kigawanyo cha 128, mikrosekunde 3 tu kwa 32. Chanzo chenye ukinzani mkubwa hakiwahi kuijaza, na ndiyo sababu hati ya chipu inapendekeza kiloomu 10 au chini yake. Ukizidisha, pini ya A1 inaanza kuonyesha masalia ya usomaji wa pini ya A0. Dawa inayopendwa ni kusoma mara mbili na kutupa usomaji wa kwanza. Siikubali: umeongeza muda mara mbili ili kufunika kosa la saketi.

Weka kapasita kwenye pini, ila uikokotoe. Pikofaradi 14 mara 2,048 ni karibu nanofaradi 29. Kapasita ya 33 inaweza kuijaza ile ya ndani huku volti yake ikishuka kwa chini ya nusu ya hatua. Kisha shusha ukinzani wa chanzo. Kigawanyaji cha volti cha kiloomu 100 na 10 kinaonekana kwa pini kama kiloomu 9.1, na RC inakuwa milisekunde 0.3. Ukitumia kiloomu 10 na 1, inashuka hadi mikrosekunde 30. Gharama yake kwa betri ya volti 12 ni miliampea 1.1 badala ya 0.11, jambo la kufikiria kama saketi inalala usiku kucha. Kihisi kisichoweza kutoa mkondo huo kinahitaji opampu (chipu ya kikuza ishara) kama bafa, yaani msaidizi anayetoa mkondo badala yake, na kati ya opampu na kapasita weka rezista ya omu 100, kwa sababu opampu nyingi zikibebeshwa kapasita moja kwa moja hutetema.

Upande wa programu, wastani unaosogea wa sampuli N unachelewesha ishara kwa nusu ya (N − 1). Sampuli 16 ni ucheleweshaji wa sampuli 7.5. Kama adui ni miruko ya ghafla, chukua namba ya kati ya sampuli tatu. Inachelewa kwa sampuli moja tu. Halafu angalia Serial, njia ya Uno ya kutuma namba kwenye kompyuta. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, baiti moja ni milisekunde 1.04, na "1023" pamoja na alama mbili za mwisho wa mstari ni milisekunde 6.25. Bafa ya baiti 64, foleni ya data inayosubiri kutumwa, ikijaa, Serial.print inasubiri, na kitanzi chote kinasimama. Kwa 115200, mstari huohuo ni milisekunde 0.52.

Mizani za HX711, chipu ya ADC ya kusomea kihisi cha uzito, zinastahili neno lake. Moduli nyingi huja na pini ya 15 imefungwa kwenye ardhi, yaani sampuli 10 kwa sekunde, na chipu inahitaji milisekunde 400 kutulia. Ongeza wastani wa usomaji 10 na mteja anasubiri sekunde nzima. Inua pini ya 15 kwenye bodi, iunganishe na ya 16 iliyo jirani: sampuli 80, kutulia milisekunde 50. Kelele inapanda kutoka nanovolti 50 hadi 90, na unapoteza kinga dhidi ya hezi 50 za umeme wa gridi. Wastani wa sampuli 8 hasa unarudisha sehemu kubwa ya kinga hiyo, kwa sababu unafunika karibu milisekunde 100, mizunguko mitano kamili ya umeme. Sampuli 7 au 10 hazifanyi hivyo.

Na kama kazi ni kukata umeme mkondo wa MOSFET (transista inayotumika kama swichi) unapozidi, usitumie ADC kabisa. ATmega ina kilinganishi chake, saketi inayopima ipi kati ya volti mbili ni kubwa: ishara ya shanti (rezista ndogo ya kupimia mkondo) iingie pini ya D7, rejeo liwe volti 1.1 ya ndani, na jibu linapatikana ndani ya mikrosekunde moja, kabla ADC yenye kigawanyo cha 128 haijamaliza hata kuchukua sampuli.