Neema haina gredi

Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua anajua vizuri jasho lake linavyopimwa. Miche hutoka kitaluni kwenda shambani, vilele hukatwa, majani huchumwa kuanzia ya chini, kisha hukaushwa bani, yaani banda la kukaushia, huku mtu akikesha kulinda moto. Mabelo yakifika ghala la chama cha msingi, mteuzi hushika jani, huangalia rangi yake, madoa, na sehemu ya mche lilikotoka, ndipo hutamka gredi. Bei hufuata gredi, mkopo wa pembejeo hukatwa, kinachobaki ndicho chake. Kwa tumbaku, hiyo ni haki. Kosa linaanza pale utaratibu huo unapotolewa ghalani ukaingizwa kanisani, Mungu akafanywa mteuzi na maisha ya mtu yakawa belo.

Paulo alilitenga jambo hili wazi katika Warumi 4:4: kwa afanyaye kazi, ujira wake hauhesabiwi kuwa ni neema, bali kuwa ni deni. Na neno mshahara lipo pia Warumi 6:23, ila tazameni ni mshahara wa nini: wa dhambi, nao ni mauti. Uzima wa milele umeitwa karama.

Wanaofundisha darasa la ubatizo nawasihi wasinukuu Waefeso 2:8-9 peke yake. Anzeni aya ya 1, mfike ya 10, kwa kikao kimoja. Aya ya 1 inasema tulikuwa wafu, na mfu hajisogezi hata hatua moja, hivyo habari ya "Mungu kafanya yake, nawe malizia yako" haina pa kusimama. Aya ya 4 inageuza kila kitu: "Lakini Mungu." Ya 8 inasema "mmeokolewa", jambo limekwisha kutendeka. Matendo mema yanatajwa aya ya 10, baada ya wokovu. Mwalimu akiikata hiyo ya 10, wanafunzi watadhani neema ni ruhusa ya uzembe. Akianza nayo, watatoka na dini ya gredi.

Ni nadra kumsikia mhubiri akiikana neema. Kinachoiharibu ni nyongeza. Kwa Wagalatia ilikuwa tohara, na katika Matendo 15 Petro aliwajibu waliotaka kuwatwisha watu wa mataifa mzigo huo kwamba wote huokoka kwa neema ya Bwana Yesu. Kwetu nyongeza ni chupa ya mafuta ya upako, au sadaka iliyotajiwa kiwango kabla mtu hajaombewa. Neno la Petro kwa Simoni mchawi kule Samaria, aliyetaka kununua karama ya Mungu kwa fedha, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe", linatosha hapo, na sioni sababu ya kulilainisha.

Nyongeza ngumu kuiona ni ile yenye heshima. Kadi ya ahadi, inayoandikwa sadaka ambayo mshirika ameahidi, ni kitu chema. Bati za kanisa zinanunuliwa kwa fedha, na gunia la mahindi la shukrani ya mavuno ni furaha ya kweli. Lakini mshirika akinyimwa Meza ya Bwana kwa kuwa kadi yake ina pengo, shukrani imegeuka kiingilio. Na wapo wanaohofu kwamba neema ikihubiriwa hivi watu watatenda dhambi makusudi. Paulo aliliuliza hilo hilo mwenyewe, Warumi 6:1. Hakuongeza sheria, aliwakumbusha ubatizo wao, kwamba walikufa pamoja na Kristo.

Mzee wa kanisa anapoitwa kwa mgonjwa mahututi, swali la ahadi na zaka lisitoke kinywani mwake. Asome Luka 23:39-43 taratibu, aya kwa aya. Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwa na muda wa kurekebisha lolote, alikuwa ametundikwa msalabani, na aliambiwa "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi". Kisha asome Warumi 4:5, amshike mgonjwa mkono, aombe.