Bakteria wa chupa au wa tope: pesa ya mfugaji wa sato iende wapi?

Anayenunua bakteria wa kumwaga bwawani huahidiwa mambo mawili: amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula) itashuka, na tope litaoza vizuri liachie naitrojeni na fosforasi za kulisha ukijani ambao sato anaula. Kibiolojia ahadi hiyo inawezekana. Kinachosahaulika ni kwamba bwawa la udongo lenye umri wa wiki kadhaa limeshajaa bakteria wa aina hizo hizo, mabilioni katika kila kiganja cha tope. Wakishindwa kazi, mara nyingi sababu si uchache wao. Wamekosa wanga, au oksijeni, au wamo kwenye tope lenye asidi, na wageni wa chupani watakuta shida ile ile.

Hesabu ya wanga peke yake inatosha kumfikirisha mtu. Mwaka 1999 mtafiti Yoram Avnimelech wa Israel alikadiria kuwa bakteria huhitaji gramu 20 hivi za wanga ili kufunga gramu 1 ya naitrojeni ya amonia. Kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 30 ina gramu 48 za naitrojeni, na karibu nusu yake huishia majini. Ukilisha kilo 5 kwa siku, hizo ni gramu 120, zinazodai kilo 2.4 za wanga. Kwa molasi, ambayo sukari ni kama nusu yake, ni karibu kilo 5. Kila siku! Gharama hiyo haimo katika bei ya chupa. Tena bakteria wanaokula sukari hiyo huvuta oksijeni nyingi, hivyo bila mashine ya hewa samaki watapanda juu kuhema alfajiri. Asiye na umeme afadhali apunguze chakula.

Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati, isiyo na sumu kali, nao hutumia gramu 4.6 za oksijeni na gramu 7 hivi za chokaa iliyoyeyuka majini, ile inayozuia asidi, kwa kila gramu ya naitrojeni. Ndiyo maana naona chokaa ndiyo pesa ya kwanza: baada ya kuvuna, kausha bwawa mpaka tope lipasuke, kisha tandaza chokaa ya kilimo kilo 10 hadi 20 kwa mita 100 za mraba, zaidi kama pH ya tope iko chini ya 6. Mbolea ya fosfati isubiri wiki moja au mbili, la sivyo kalsiamu itaikamata.

Hata hivyo chupa ina mahali pake. Watafiti Queiroz na Boyd, katika mabwawa ya kambare huko Marekani, waliripoti mwaka 1998 kuwa maji hayakubadilika sana, lakini samaki walionusurika waliongezeka. Hilo halipuuziki. Katika tangi au bwawa jipya la turubai hakuna tope, na wanaobadili amonia huchukua wiki 4 hadi 6 kustawi. Ndoo ya maji ya bwawa la jirani ingeanzisha kazi, ila huleta na magonjwa. Hapo nunua, lakini angalia aina: Bacillus hutengeneza mbegu ngumu zinazovumilia rafu ya duka, wakati Nitrosomonas, mmoja wa wanaobadili amonia, hana mbegu hizo na chupa iliyokaa juani huwa imekufa. Usiwaloweke kwenye maji ya bomba yenye klorini.

Kwa bwawa la udongo, pima kwanza oksijeni alfajiri. Ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita, chupa isubiri.