Mpiga solo, ulisikia nini kabla ya gitaa?

Nikikutana na kijana anayepiga gitaa vizuri, swali langu la kwanza huwa moja: unamsikiliza nani? Hapa Mwanza wengi hunitajia wapiga solo wa Kinshasa. Wale wa kanisani hunitajia vikundi vya kusifu vya Marekani na Australia, na mmoja mmoja humtaja Jimi Hendrix. Sina neno na majina hayo. Kinachoniuma ni kwamba katika majibu yote sisikii chombo kingine isipokuwa gitaa, kana kwamba gitaa hufundishwa na gitaa tu.

Mimi naamini wapiga gitaa tunaowaiga walifinyangwa na vitu ambavyo si magitaa kabisa: nyatiti (chombo cha nyuzi cha Wajaluo), likembe (kibao chenye ndimi za chuma), piano, ngoma za unyago, kwaya, hata mwendo wa lugha ya mama. Ukimuiga mtu bila kujua yeye alikuwa anaiga nini, umechukua vidole vyake na kuliacha sikio lake.

Niliyajua haya kwa shida. Nilikuwa na miaka 19 hivi, niko Musoma, nimeng'ang'ana na kipande cha solo la benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, kwa wiki mbili. Nota zote ninazo, kasi ninayo, lakini kitu chenyewe hakisemi. Mzee mmoja aliyewahi kupiga kwenye bendi za kule ziwani alikuwa amekaa jirani ananisikiliza. Akaniambia, "Weka gitaa chini, kijana wangu. Imba."

"Niimbe nini, mzee?"

"Hicho unachokipiga."

Nikajaribu, na palepale pumzi ikaniishia. Nilikuwa nimeunganisha vipande ambavyo hakuna mwimbaji angeweza kuviunganisha. Mzee akaanza kugonga kisigino sakafuni, pigo zito lisiloyumba, na juu yake akauimba mstari uleule kwa Kijaluo, hapa anakata, pale anavuta. Alipomaliza akanionyesha kisigino chake. "Hii ndiyo pete," akasema. Nilikuwa simwelewi.

Nilimwelewa siku nilipomwona mpiga nyatiti kwa macho yangu. Hukaa kwenye kigoda kifupi, chombo chenye nyuzi nane kikiwa mbele yake, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayogongea ubao wa chombo. Mguuni ana njuga. Mikono inapokezana nyuzi, nne huku na nne kule, mguu unashika mwendo, mdomo unaimba. Akimaliza mstari hunyamaza, na nyuzi ndizo humjibu.

Sasa chukua rekodi yoyote ya zamani ya D.O. Misiani, mkongwe wa benga, na bendi yake ya Shirati Jazz, uisikilize upya. Besi inadunda kama ile pete. Magitaa mawili yanapokezana kama mikono miwili ya mtu mmoja. Solo linamfuata mwimbaji hatua kwa hatua, kisha linabaki peke yake likimjibu. Misiani alizaliwa Shirati, upande wetu huu wa mpaka, ingawa jina alilijengea Kenya, na Shirati ni nchi ya nyatiti. Wala si yeye peke yake. Benga yote ya wakongwe ina mguu huo ndani yake, na ndiyo maana kijana anayejifunza nota zake tu hupiga kitu kilicho sahihi lakini hakichezeki.

Kongo mambo yamezunguka zaidi. Kuanzia mwaka 1933 santuri za muziki wa Cuba zenye alama ya GV zilianza kusambazwa, zikafika hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Watu wa kule hawakuupokea muziki huo kama kitu kigeni sana, maana sehemu kubwa ya mapigo ya Cuba ilivushwa bahari na Waafrika waliouzwa utumwani, wakiwemo watu wa Kongo yenyewe. Kwenye zile santuri kulikuwa na piano inayorudia kipande kifupi bila kuchoka, na tarumbeta zinazojibizana na waimbaji. Wapiga gitaa wa Kongo wakaibeba kazi ya piano na ya tarumbeta, wakaiweka kwenye nyuzi sita. Ukisikia sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala, inazunguka palepale huku wachezaji wanazidi kupandwa na moto, sehemu ya asili yake ni piano ya Cuba. Sehemu nyingine ni likembe, chombo cha vidole gumba viwili, nacho huzunguka vilevile.

Hapa nisimame kidogo kwa Nico Kasanda na Franco, wapiga gitaa wa Kinshasa, kwa sababu wao ndio ushahidi wangu mkubwa. Mji mmoja, miaka ileile, santuri zilezile. Nico, akiwa kwenye bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele, anapiga nota moja moja, safi, tamu, kama mtu anayesimulia kwa upole. Franco, aliyeanzisha OK Jazz na wenzake mwaka 1956, anakamata nyuzi mbili kwa pamoja, anazikwaruza, anazirudia mpaka zinakuwa kama ubishi wa mtaani. Utotoni Franco alikuwa akipiga gitaa sokoni, karibu na mama yake aliyekuwa akiuza maandazi, ili wateja wavutike. Sikio lililokulia katika makelele ya soko haliwezi kutoka na solo la kunong'ona. Hayo ni maoni yangu, lakini nisikilizie Franco dakika tano tu halafu uniambie kama husikii watu wanabishania bei.

Kwa sisi Waswahili kuna mtu mwingine tunayemsahau, naye ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi. Gitaa moja, vidole viwili: gumba linashika besi, cha shahada kinapiga wimbo, na katikati mdundo unatokea wenyewe. Nimeketi na rekodi zake miaka mingi, na hadi leo gumba langu likishika mwendo, kidole cha shahada kinateleza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikwenda Nairobi, na mtindo huo wa vidole ukawashika Wakenya wengi. Lakini mfikirie George Mukabi wa magharibi mwa Kenya. Vidole vinafanana na vya Katanga, halafu pembeni kuna mtu anakwaruza chupa ya Fanta, ile yenye mikunjo, na mdundo ni wa Waluhya mtupu. Alikopa mkono. Sikio lilikuwa la kwao.

Hapa nyumbani Morogoro ilikuwa na Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, jina lenyewe linajieleza. Mji huohuo ukamtoa Mbaraka Mwinshehe, ambaye ukimsikiliza unapata Kinshasa na Uluguru kwa pamoja. Na kabla Msondo na Sikinde hayajawa majina ya bendi tunazozipigia kelele ukumbini, yalikuwa majina ya ngoma.

Ukitoka nje ya kwetu hali ni hiyohiyo. Jonah Sithole wa Zimbabwe alizifunika nyuzi kwa kiganja ili gitaa litoe mlio mfupi wa mbira, ndugu wa likembe, akampigia mwimbaji Thomas Mapfumo. Ali Farka Touré wa Mali alipiga vyombo vya nyuzi vya kwao kabla ya kushika gitaa, na alipokuja kumsikia John Lee Hooker aliona kama anasikia muziki wa nyumbani uliopotelea ng'ambo.

Vijana wangu wananiambia, mwalimu, siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Ni kweli, na nawaonea wivu. Unaipunguza kasi video, unaona kila kidole kinakaa wapi, jambo ambalo kizazi changu kililitafuta kwa kurudisha kanda nyuma mpaka inakatika. Lakini video hukuonyesha mahali pa kuweka kidole, haikuambii kwa nini pale mpigaji alinyamaza. Alinyamaza kwa sababu mwimbaji anavuta pumzi, au kwa sababu kwenye ngoma ya kwao pale mguu unapanda juu. Hilo hulipati bila kuisikiliza ngoma yenyewe.

Mimi mwenyewe nilikulia Tarime nikiona haya kusikiliza litungu, chombo cha nyuzi cha Wakuria. Jirani yetu alikuwa nalo, kubwa, lenye sauti nzito inayotikisa kifua, na sisi watoto tulisema ni mambo ya wazee, tukakimbilia redio. Miaka miwili iliyopita nilijirekodi kwa simu nikicheza-cheza tu, gumba likitembea kwenye nyuzi nene, nikaiacha rekodi ikilia mezani. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani huyo anapiga litungu?"

"Ni mimi, mama. Ni gitaa."

Alibaki amesimama mpaka ilipoisha. Nilirudia kuisikiliza usiku ule zaidi ya mara kumi, na kweli, lile gumba halikutoka kwa Franco wala kwa Bosco. Lilitoka upande wa pili wa ua wetu, kwa mzee ambaye sikuwahi hata kumsalimia vizuri kwa ajili ya muziki wake. Alishafariki. Hakuna aliyemrekodi.

Tangu hapo mwanafunzi akija kwangu simpi kodi za gitaa (chords) wala skeli siku ya kwanza. Namwomba aniletee sauti ya chombo kisicho gitaa kutoka kwao, iwe ya zeze, marimba, filimbi, au bibi anayetwanga huku anaimba. Wengine hushangaa, wengine hawarudi. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kigogo alinitumia dakika nne za babu yake akipiga zeze huko Dodoma, jogoo anawika katikati, mtu anaburuta ndoo. Nimeisikiliza kila asubuhi nikiwa kwenye daladala. Jumamosi tunaanza na sekunde 20 za kwanza, yeye akiimba, gitaa likiwa bado kwenye mfuko wake.