John Cale alipoamua kuimba nyimbo za kawaida

Nikiwawekea wapenzi wa muziki hapa Tabora Vintage Violence, albamu ya John Cale, swali huwa lilelile: "Kaka, huyu ndiye yule fundi wako wa kelele? Mbona katulia hivi?" Ndiye. Na kwangu mimi, hii albamu yake ya kwanza ya kujitegemea, ya 1970, ilihitaji ujasiri kuliko kelele zote zilizoitangulia.

Maana huyu bwana katoka mbali. Mzaliwa wa Wales, alisoma London, akavuka kwenda Marekani 1963. Mwaka huohuo akawa miongoni mwa wapiga piano waliopokezana New York kukipiga kipande kimoja kifupi cha mtunzi Mfaransa Erik Satie mara 840, zaidi ya saa 18. (Sijui nani alibaki ukumbini.) Baadaye, ndani ya The Velvet Underground, bendi ya roki ya New York, aliifunga viola yake (ndugu mkubwa wa fidla) nyuzi za gita, akaichomeka kwenye spika, ikanguruma kama mashine ya kukoboa. "Sister Ray", wimbo wao wa 1968, ni dakika 17 za vurugu tupu, yeye akiwa kwenye kinanda. Mwaka huohuo akaachana na bendi.

Halafu inakuja hii. Nyimbo 11, nyingi zina ubeti na kiitikio kama za watu wengine. Viola yenyewe ni ya kutafuta. "Cleo" hata mtoto wa chekechea anaidaka. Kwenye "Big White Cloud" fidla zinajaa na kupanda nyuma yake, naye anaimba taratibu kwa ile sauti yake isiyo na madoido, wala hashindani nazo. Hapo ndipo huwa naongeza sauti ya redio.

Sisi wa mji wa Tabora Jazz, bendi aliyopitia Shem Karenga, hatuhitaji kuambiwa kwamba wimbo wa kawaida si wimbo rahisi. Kutunga kiitikio ambacho mtu atakiimba akifua nguo, au akiisubiri treni iliyochelewa, ni kazi. Kelele zina pa kujificha: ukikosea, mashabiki watasema ndio ubunifu wenyewe. Wimbo wa dakika tatu ukilegea, kila mtu anausikia.

Na humu zimo zinazolegea. "Bring It On Up" ni mzaha wa baa, huwa nairuka. "Fairweather Friend" ni nzuri, lakini mtunzi wake ni Garland Jeffreys. "Amsterdam" ndiyo inayonimaliza: gita, sauti, na mwanamke aliyerudi safari akiwa si yule wa zamani. Basi.

Wapo wanaosema alisalimu amri akaifuata biashara. Jalada lenyewe kajifunika uso kwa soksi ya nailoni na barakoa ya kioo. Anayetaka kuuza sura hafanyi hivyo. Na kama majaribio yalikuwa yamemshinda, wanieleze Church of Anthrax, albamu aliyoitoa na mtunzi Mmarekani Terry Riley mwaka uliofuata, karibu yote ala tupu, ilitoka wapi.