Udongo ni wa Leta, lakini karatasi ya ofisi iko wapi?

Ukiuliza Lubumbashi, Kongo, kwa nini ofisi ya komini (serikali ndogo ya mjini) haina sertifika ya usajili, yaani hati ya haki juu ya kiwanja, jibu huja haraka: udongo ni wa Leta, yaani dola, sasa Leta ijiandikishie nini? Jibu hilo lina miguu. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta, hauuziki, wala haupotei kwa kukaliwa muda mrefu. Kiwanja kilichotengwa kwa kazi ya umma hakipewi mtu mpaka utengaji huo uondolewe rasmi. Tena wenye jibu hilo wanauliza: parseli (kiwanja) yenye sertifika huuzika; isiyo nayo, nani ataiuzaje?

Itauzwa kipande kipande. Mara nyingi jengo liko mbele, nyuma ni majani. Ulinzi wote wa sheria umesimama juu ya arete, amri ya maandishi ya serikali, ya kutenga kiwanja. Arete isipoonekana, na plani ya kadasta (ramani rasmi ya viwanja) isipokuwa na namba wala mipaka, ile nyuma inasomeka kama ardhi tupu. Konservata, mtunza hati za ardhi, ambaye mjini husaini mikataba ya viwanja vidogo kwa uwezo aliokasimiwa na gavana, anaipa namba mpya, kisha mkataba, kisha sertifika.

Hapo miaka 2 ya kuipinga sertifika kisheria inaanza kuhesabiwa. Ikipita, sertifika ile haibomolewi tena, kinachobaki ni kudai fidia (na Leta imdai nani, ikiwa aliyesaini ni mtumishi wake?). Miaka 2 ofisini ni kidogo sana. Burugumesta, mkuu wa komini, anabadilishwa, bajeti inapita bila pesa ya wakili, na hakuna anayetazama nyuma ya jengo mpaka matofali yaanze kupanda. Wanasheria watasema sertifika iliyotolewa juu ya kiwanja cha umma ni batili tangu mwanzo. Ni kweli, ila ubatili hutamkwa na mahakama, na mahakama itaiambia komini: onyesha kwamba ulitengewa. Tumerudi kwenye arete.

Kazi ya kuiandikisha ofisi si kubwa. Mpimaji anapima, anasimika mawe ya mpaka kwenye kila pembe, majirani wanasaini hati ya upimaji, mchoro unabeba ukubwa na namba. Arete itaje namba hiyo, si "kiwanja cha karibu na soko". Jina nalo liangaliwe: komini ina utu wa kisheria kwa sheria ya 7 Oktoba 2008, karitie (mtaa ndani ya komini) haina, kwa hiyo ofisi ya karitie haiwezi kuandikwa kwa jina lake yenyewe.

Hofu ya kuuzwa ina haki yake, lakini dawa yake ni kuandika utengaji juu ya sertifika yenyewe, anayetaka kuihamisha akutane nao kwanza. Na mawe ya mpaka hung'olewa usiku mmoja. Pesa ya kwanza ya ujenzi iende kwenye uzio wa nyuma.